Kioo Kipya cha Mbele na Mvua za Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Masika yanapoingia Mombasa, na tena vuli zinapoanza mnamo Oktoba, wenye magari waliobadilishiwa kioo cha mbele huwauliza mafundi maswali yaleyale. Majibu yafuatayo yanahusu hasa magari ambayo kioo chake hubandikwa kwa gundi. Ikiwa kioo chako hushikiliwa na mpira, kama ilivyo kwenye tuktuk na malori mengi ya zamani, anza na swali la 15.

## Mambo ya msingi

1. Mvua ikinyesha siku ileile niliyowekewa kioo, gundi itaharibika?

Haitaharibika, mradi kioo kilibandikwa mahali pakavu na kwa gundi inayofaa. Gundi ya kazi hii ni ya poliyurethani, na gundi nyingi za aina hiyo hushika kwa kuvuta unyevu ulio hewani. Unyevu huo ndio unaoanzisha mabadiliko ya kikemikali yanayoigeuza gundi kutoka uji mzito mweusi hadi mpira mgumu unaonyumbulika kidogo. Kwa hiyo hewa nzito ya pwani, ambayo huwachosha watu na kuozesha mbao, kwa gundi hii ni msaada. Kioo kilichobandikwa Mombasa kwa kawaida hushika haraka kuliko kilichobandikwa kwa gundi hiyohiyo mahali penye baridi na ukavu.

Tena, kioo kikishakaa mahali pake, mstari wa gundi huwa umejificha kati ya kioo na bodi, na mara nyingi hufunikwa na mpira wa ukingoni. Mvua ya kawaida hutiririka juu ya kioo bila kuifikia kwa nguvu. Hatari halisi za siku ya kwanza ni maji ya presha, mtikisiko na shinikizo la hewa ndani ya gari, na haya yameelezwa katika maswali ya 8 hadi 12.

2. Kama mvua haidhuru gundi, kwa nini fundi alikataa kuanza kazi wakati wa manyunyu?

Kwa sababu maji yanayotangulia gundi ni jambo tofauti kabisa na maji yanayoifuata. Bodi au kioo kikiwa na utando wa maji, hata ule usioonekana kwa urahisi, gundi hukutana na maji kabla ya kukutana na chuma. Hapo hushika juu ya utando huo, pengine na vipovu ndani yake, na ukutani mwa bodi haing'ang'anii. Kwa macho kazi huonekana safi, nayo huweza kupita wiki kadhaa kabla ya kuvuja. Fundi anayekataa kubandika kioo kwenye manyunyu anakulinda, na ningependa kila mwenye gari amshukuru badala ya kumharakisha.

Kosa hilo haliletwi na mvua peke yake. Mtazame fundi mwenyewe anapoinama juu ya boneti saa saba mchana: tone moja la jasho likidondoka kwenye ukingo uliokwisha kusafishwa, au kidole kitupu kikigusa mstari wa kubandikia, huacha maji, chumvi na mafuta pale pale gundi inapotakiwa kushika. Fundi makini huvaa glavu, hufunga kitambaa kichwani, na akigusa kwa bahati mbaya hurudia kusafisha sehemu hiyo kabla ya kuendelea.

3. Gundi huchukua muda gani kushika, na ninaweza kuendesha lini?

Kuna nyakati mbili zinazochanganywa. Wa kwanza ni muda wa kuendesha kwa usalama, yaani muda ambao kioo kinaweza kustahimili ajali. Hutofautiana sana kati ya gundi na gundi, kuanzia kama nusu saa hadi saa kadhaa, na huandikwa na mtengenezaji kwenye tyubu au karatasi ya maelezo. Muda huo ndio wa kufuata, wala si makadirio ya fundi, sembuse ya dereva mwenye haraka. Omba uonyeshwe tyubu, na ukiishika angalia pia tarehe ya kuisha, kwa sababu gundi iliyopitwa na muda au iliyokaa miezi kwenye stoo yenye joto haitegemewi.

Wa pili ni muda wa gundi kukauka hadi ndani kabisa. Unyevu haupenyi kioo wala chuma, hivyo huingia kwa pembeni tu na kusonga polepole kuelekea katikati. Katika vipimo vya maabara, kwenye nyuzi joto 23 na unyevu wa asilimia 50, gundi nyingi hukauka milimita 3 hadi 4 tu katika saa 24. Mstari wenye upana wa milimita 10 au zaidi huhitaji siku kadhaa. Ule ugumu unaousikia ukiigusa kwa nje ni ngozi ya juu, ambayo hujitokeza mapema na haikuambii lolote kuhusu katikati.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu kioo cha mbele hakizuii upepo na mvua tu. Katika magari mengi husaidia kushikilia paa gari linapopinduka, na mfuko wa hewa wa abiria wa mbele unapofumuka hukiegemea kioo hicho ili umwelekee abiria. Kioo ambacho hakijashika kinaweza kusukumwa nje wakati huo. Mwenye matatu anayehesabu kila safari ya Mtwapa na amsubirishe makanga saa mbili zaidi, ikiwa ndivyo tyubu inavyosema.

## Siku ya kazi

4. Je, ni salama kumwita fundi nyumbani katika msimu wa mvua?

Ni salama ikiwa kuna paa lililo pana kuliko gari na ukuta upande upepo unakotoka. Masika hapa huja pamoja na kusi, na mvua ya kusi huanguka kwa mshazari. Paa la kituo cha mafuta lisilo na kuta, au turubai lililofungwa kwenye nguzo nne, haliizuii. Ikiwa huna banda linalofaa, peleka gari kwenye karakana, hata kama kufika huko kutakugharimu nusu siku ya foleni ya Makupa au Changamwe.

5. Fundi aliniambia nizime kiyoyozi na kusubiri kabla hajaanza. Kulikuwa na haja gani?

Haja ilikuwepo. Ukiendesha kutoka Nyali hadi Ganjoni kiyoyozi kikipuliza baridi, kioo na chuma kinachokizunguka hupoa. Ukifungua milango, hewa ya Mombasa yenye unyevu mwingi hukutana na chuma hicho baridi na kuacha umande, sawa na ule unaouona ukitanda nje ya kioo asubuhi. Fundi akibandika juu ya umande huo, amebandika juu ya maji. Gari likikaa kivulini, milango wazi, mpaka lilingane na joto la nje, tatizo huisha lenyewe. Kioo kipya kilichotolewa kwenye chumba chenye baridi nacho kisubirishwe vivyo hivyo.

6. Baada ya kutoa kioo cha zamani, fundi alinionyesha kutu na kutaka gari lilale hapo. Ni lazima?

Ni lazima. Gundi iliyopakwa juu ya kutu hushika kutu, nayo kutu hubanduka kutoka kwenye chuma ikaondoka na gundi yote. Kwa sisi tunaoegesha magari karibu na bahari, chumvi iliyomo hewani huharakisha ulaji huo, na mkwaruzo mdogo wa kisu ulioachwa bila kupakwa chochote huweza kuwa shimo. Kutu inapasa kukwanguliwa mpaka chuma kionekane, kisha chuma kipakwe dawa, praima (rangi ya chini inayosaidia gundi kushika) na rangi, na kila tabaka lipewe muda wake wa kukauka.

Hata pale pasipo na kutu, kisu cha kukatia gundi ya zamani huacha mikwaruzo. Muulize fundi kama ameipaka praima kabla ya gundi mpya, na ikiwezekana uipige picha. Usishangae pia ukiona ameacha tabaka jembamba la gundi ya zamani, kama milimita moja au mbili. Likiwa zima na safi, ndilo ambalo gundi mpya hulishika vizuri zaidi.

7. Kwa nini tusitumie silikoni? Ni rahisi na haipitishi maji.

Silikoni ya dukani huziba maji, lakini haina nguvu ya kukishikilia kioo katika ajali. Ile inayonuka kama siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula chuma. Ubaya wa tatu hujitokeza baadaye: mabaki ya silikoni huzuia poliyurethani kushika, kwa hiyo fundi atakayekuja kurekebisha atalazimika kukwangua kila chembe. Kataa silikoni kwenye kioo cha kubandikwa, iwe chini ya kioo au juu ya ukingo, na ukiambiwa kwamba ni ya muda tu, kataa pia.

## Saa 24 za kwanza

8. Tepu zilizobandikwa ukingoni ni za kuzuia mvua? Nizitoe lini?

Tepu hizo hazizuii mvua. Kazi yake ni kuushika mpira wa ukingoni, na pengine kioo chenyewe, visisogee wakati gundi bado ni laini. Ziache kwa saa 24, hata zikilowa na kuonekana zimelegea. Zikishatimiza siku moja, usiziache zaidi ya siku moja au mbili nyingine, kwa sababu jua la hapa huipika gundi ya tepu ikaganda kwenye rangi. Unapozitoa, zikunje na kuzivuta polepole kuelekea kwenye kioo, usizinyanyue juu kwa nguvu. Mabaki yafutwe kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, kamwe si kwa wembe.

9. Nimeambiwa niache dirisha wazi kidogo, na mvua inanyesha. Nifanye nini?

Dirisha huachwa wazi ili mlango unapofungwa hewa ipate pa kutokea. Gari likiwa limefungwa kote, kishindo cha mlango hukisukuma kioo kutoka ndani, na gundi changa inaweza kufunguka mahali padogo ambapo maji yatapitia baadaye. Kinachodhuru ni kishindo hicho, kwa hiyo si lazima dirisha lilale wazi usiku kucha. Lishushe kiasi cha upana wa vidole viwili kila unapotaka kufungua au kufunga mlango, kisha lipandishe. Ikiwa gari litasimama juani, acha upenyo kidogo kwenye dirisha la upande usio na upepo, kwa kuwa hewa ya ndani ikipata moto nayo hutanuka. Waambie pia watoto na abiria. Dereva mwenyewe hukumbuka, ila anayeshuka nyuma na kuubamiza mlango hana habari.

10. Nilifunike gari kwa turubai, na niliegeshe wapi?

Turubai si lazima kwa sababu ya mvua (tazama swali la 1), na likifungwa vibaya hudhuru kuliko mvua yenyewe. Kamba iliyokazwa juu ya kioo husukuma mpira wa ukingoni, na turubai linalopigwa na upepo huuvuta usiku kucha. Ukitaka kulifunika, lilegeze juu ya kioo na ulifungie kwenye magurudumu.

Egesha mahali tambarare. Gurudumu moja likiwa juu ya ukingo wa barabara, bodi hujipinda kidogo, na kioo kikashika katika hali hiyo ya kujipinda. Usitafute kivuli cha mnazi. Nazi moja au kuti lililokauka likianguka wakati wa upepo litakurudisha kwa fundi. Chini ya mwembe au mwarobaini ni afadhali kidogo, ingawa majani ya mwarobaini yana shida yake, ambayo utaikuta katika swali la 13.

11. Ninaishi Likoni. Ninaweza kupanda feri siku hiyohiyo?

Baada ya muda wa kuendesha kwa usalama kutimia, ndiyo. Panda na kushuka kwenye ngazi ya feri polepole sana, kwa sababu pale gurudumu moja hutangulia kupanda na bodi nzima hupinda. Vivyo hivyo kwenye matuta na mashimo ambayo mvua imeyajaza maji na huwezi kujua kina chake. Anayekwenda Kwale akitokea upande wa Miritini anaweza kupitia Dongo Kundu akaepuka ngazi hiyo, mradi asifurahie lami nzuri akakimbiza gari. Upepo wa mwendo wa kasi nao hukivuta kioo. Safari ya Nairobi iahirishwe hadi kesho yake.

12. Ninaweza kuosha gari lini?

Kwa ndoo na kitambaa, siku inayofuata. Kwa mashine ya presha, subiri angalau siku mbili hadi tatu, au zaidi ikiwa fundi amesema hivyo, na hata baada ya hapo usielekeze mdomo wa mashine kwenye ukingo wa kioo kwa karibu. Vijana wa kuoshea magari hupenda kufukuza matope ya pembeni kwa kuingiza maji chini ya mpira. Waeleze mapema kwamba kioo ni kipya. Dawa za kufanya maji yateleze kwenye kioo zisubiri mpaka gundi ikauke kabisa.

Waipa nazo zina neno: zikiwa zimekatika au zimejaa mchanga, zitakikwaruza kioo kipya katika mvua ya kwanza. Zibadilishwe siku ileile, na uhakikishe mikono yake imerudishwa mahali pake isigonge ukingo.

## Yanapovuja

13. Kapeti la mbele limelowa. Kioo ndicho kinachovuja?

Pengine, lakini usimshitaki fundi kabla ya kuchunguza. Jiulize kwanza kama mvua ilinyesha. Kapeti likilowa siku ya jua kali baada ya kiyoyozi kufanya kazi, na maji yakiwa safi yasiyo na harufu, yaelekea mrija wa kutolea maji ya kiyoyozi umeziba. Maji yenye rangi na harufu ya utamu hutoka kwenye mfumo wa kupooza injini, nao huhitaji fundi mwingine.

Likilowa baada ya mvua, tazama chini ya waipa, kwenye mfereji wa plastiki ulio kati ya boneti na kioo. Katika mitaa yetu yenye miarobaini, vijani vyake vidogo hujikusanya humo, huoza na kuziba matundu ya kutolea maji. Mfereji ukijaa, maji huingia ndani kupitia njia ya hewa, nayo kapeti hulowa kana kwamba kioo kimevuja. Mfereji huo hufunguliwa wakati wa kubadilisha kioo, kwa hiyo mwombe fundi ausafishe akiwa hapo. Mipira ya milango na mifereji ya dirisha la paa nayo ichunguzwe.

Dalili za kioo chenyewe ni hizi: maji yanayoteremka kwenye nguzo za pembeni au kulowesha kitambaa cha paa karibu na kioo, na sauti ya filimbi unapoendesha kwa kasi.

14. Ninawezaje kupima mwenyewe?

Gundi ikiwa imetimiza saa 24 au zaidi, mwombe mtu akae ndani na tochi na karatasi laini. Wewe mwaga maji kwa mpira wa bustani bila presha, ukianzia chini ya kioo, kisha pembeni, na juu mwisho. Dumu dakika kadhaa kila sehemu. Ukianzia juu, maji yatalowesha kote na hutajua yalipoingilia.

Njia ya pili haihitaji mvua wala mpira wa maji: funga madirisha yote, washa feni ya gari kwa nguvu zote ikivuta hewa ya nje, kisha paka maji ya sabuni ukingoni mwa kioo kwa nje. Penye upenyo patatoa povu.

Ukipata mahali panapovuja, pachore kwa chaki na umrudie aliyekuwekea kioo. Suluhisho ni kukausha, kusafisha na kuongeza poliyurethani pale gundi ilipokosa kushika, au kukitoa kioo na kukibandika upya. Kupaka kitu kwa nje hufungia maji ndani, na kutu hupata makao. Sababu nyingine zimo katika swali la 7.

## Hali za pekee

15. Kioo cha tuktuk yangu kimeshikwa na mpira tu. Maelezo haya yananihusu?

Mengi hayakuhusu. Kioo cha mpira huingizwa kwa kamba inayovuta mdomo wa mpira ndani ya fremu, na unaweza kuondoka mara kazi inapokwisha, hata kwenye mvua. Shida yake ni mpira wenyewe, ambao jua huukausha hadi ukapasuka kwenye kona. Kuweka kioo kipya kwenye mpira mkuukuu ni kuyaalika maji. Mahali pachache panapopenyeza maji, mafundi hutumia mastiki (uji mzito wa kuzibia) isiyokauka chini ya mdomo wa mpira. Kutu ya fremu ishughulikiwe kama ilivyoelezwa katika swali la 6.

16. Gari langu lina kamera na kihisi cha mvua kwenye kioo. Kuna la ziada?

Lipo. Kihisi cha mvua huhitaji kugusana na kioo kupitia pedi laini isiyo na vipovu. Pedi ikirudishwa ikiwa chafu, waipa zitacheza zenyewe siku ya jua au zitanyamaza kwenye mvua. Kamera inayosoma mistari ya barabara au kusaidia breki inapasa kurekebishwa upya kwa vifaa maalumu baada ya kioo kubadilishwa. Magari mengi yaliyotumika Japani huja na vifaa hivi bila mnunuzi kuambiwa, hivyo angalia nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma kabla ya kuagiza kioo kipya.

17. Nilipita kwenye maji ya mafuriko siku ya pili. Nikague nini?

Maji yaliyofika magurudumuni hayahusiani na gundi ya kioo. Kilicho muhimu ni wimbi: lori likipita kwa kasi na kukumwagia maji mazito kiooni, fanya kipimo cha swali la 14. Kama yalikuwa maji ya bahari, au umeegesha mahali ambapo mawimbi ya kusi huruka ukuta, suuza ukingo wa kioo kwa maji yasiyo na chumvi kabla chumvi haijakauka.

18. Kioo kimepasuka leo jioni, mvua inanyesha, na fundi atakuja kesho. Nifanyeje?

Ikiwa ni ufa tu na kioo kipo mahali pake, bandika tepu safi inayoonyesha juu ya ufa kwa nje. Kioo cha mbele ni vipande viwili vilivyounganishwa na tabaka la plastiki, na maji na uchafu vikiingia humo hata ufa mdogo ambao ungeweza kuzibwa hautazibika. Ikiwa kimebomoka, usiendeshe. Funika uwazi wote kwa nailoni nzito ipite juu ya paa, ishikwe na milango itakapofungwa, na uepuke kubandika tepu kwenye ukingo ambao kesho utapakwa gundi. Ondoa kapeti, funika dashibodi kwa taulo, na kesho yake umpe fundi muda wa kukausha ukingo kabisa, hata kama itachukua asubuhi nzima.

19. Bima italipa ikiwa kioo kipya kitavuja?

Bima kubwa nyingi, yaani zile zinazolipa hata uharibifu wa gari lako mwenyewe, huweka kikomo cha pesa kwa kioo cha mbele, na kikomo hicho ni cha kuvunjika, si cha kazi mbovu. Uvujaji ni dhamana ya aliyekiweka. Kwa hiyo dai risiti inayotaja tarehe, aina ya gundi na muda wa dhamana dhidi ya kuvuja, uichukue kabla gari halijatoka karakana. Ikiwa bado unatumia stika ya bima na imebaki kwenye kioo cha zamani, ishughulikiwe siku hiyohiyo, kwa kuwa askari wa trafiki wa Mtwapa hatakubali maelezo kwamba imetupwa pamoja na vipande.